Tumehamisha seva ya barua pepe, sasa mtu mmoja ana masanduku mawili (Goma)

Biro_Volcans (Goma), Jumatatu asubuhi

Habari zenu ndugu. Naandika huku simu mbili zinalia, mnivumilie.

Biro yetu iko mtaa wa Volcans. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 tukaamriwa kuhama, kila mtu alishika njia yake, wa Sake Sake, wa Bukavu Bukavu, na seva ya barua ikabaki kabatini bila mtu na bila umeme. Tangu siku hizo wakubwa wamekuwa wakisema barua zetu zisitegemee tena kabati. Safari hii pesa imepatikana, tumekodi seva mbali na hapa, na tangu Ijumaa jioni hadi jana usiku nimehamisha akaunti 64.

Ya zamani ilikuwa Postfix (inayopokea na kutuma barua) na Dovecot 1.2 (inayomfungulia mtu sanduku lake), majina ya watumiaji yako kwenye faili la maandishi. Mpya ni Postfix na Dovecot 2.3, majina yako MySQL (hifadhidata). Barua zenyewe ni Maildir (kila barua ni faili lake), nimezileta kwa rsync (programu ya kunakili mafaili) jinsi zilivyo, na njia ya kila sanduku ni /var/vmail/%d/%n (%n ni jina lililo kabla ya @, %d ni lile la baada yake).

Leo saa ya kufungua biro mama wa hesabu amenipigia: “Mwanangu, barua zangu zimeenda wapi?” Kwenye kompyuta ya mezani anaziona zote, za miaka mingi. Kwenye simu yake, akaunti ileile, nenosiri lilelile, sanduku jeupe. Hakuna kosa, hakuna onyo. Nimeingia kwenye seva nikakuta hivi:

/var/vmail/…/Furaha
/var/vmail/…/furaha

Ya kwanza imejaa, ya pili imezaliwa leo asubuhi. Na si yeye peke yake, nimehesabu watu 17 wenye folda mbili. Mmoja ana tatu: kambale, Kambale na KAMBALE.

Ninafikiria kuandika skripti ichukue kila folda yenye herufi kubwa, imwage barua zake ndani ya ile ya herufi ndogo, nimalize kabla ya mchana. Kuna aliyepita njia hii?

---

Fundi_Ibanda (Bukavu)

Pole ndugu. Barua hazijapotea, hilo mwambie mama kwanza apumue.

Kinachotokea ni kwamba mlango wako haujali herufi, lakini chumba kinajali. MySQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaona Furaha na furaha ni neno moja. Kwa hiyo mtu akiandika vyovyote, nenosiri likiwa sahihi, anaingia. Halafu Dovecot inachukua lile jina kama mtu alivyoliandika, inaliweka mahali pa %n, na inakwenda kutafuta folda kwenye diski. Diski ya Linux, ext4, kwake F na f ni vitu viwili. Haikuti folda, basi inaunda mpya, tupu, na kumfungulia mtu kwa heshima zote.

Seva ya zamani haikuwa na tatizo hili kwa sababu faili la maandishi lilikuwa kali mlangoni. Ukikosea herufi unaambiwa nenosiri si sahihi, unarudia mpaka uandike sawasawa, mwisho unazoea. Na simu za siku hizi zinaweka herufi kubwa mwanzoni zenyewe, au mtu anazifuta zote kuwa ndogo, basi kila kifaa kinaishia na jina lake.

Lakini kuna kitu kinanishangaza. Dovecot 2.3 yenyewe, bila kuguswa, hugeuza jina kuwa herufi ndogo kabla ya kufanya lolote. Mstari ni huu:

auth_username_format = %Lu

Hiyo L ndiyo inayogeuza. Piga doveconf -n utuonyeshe. Amri hiyo huonyesha yale tu yaliyobadilishwa, na nadhani tutaukuta mstari huo umebadilishwa.

---

Biro_Volcans (Goma)

Yaya Fundi, umeona mbali. Mstari upo, na umeachwa mtupu:

auth_username_format =

Nilibeba mipangilio ya faili la zamani nikidhani nalinda desturi ya seva. Naweka %Lu sasa hivi na kuanzisha ile skripti.

---

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

SIMAMA. Usiguse skripti, na huo mstari uache kwanza.

Nijibu maswali mawili kabla ya yote. Faili la zamani la majina lina mistari mingapi? Na hao 64 uliowataja, umewahesabu kwenye faili la zamani au kwenye jedwali jipya?

Piga hii kwenye faili la zamani:

cut -d: -f1 watumiaji | tr 'A-Z' 'a-z' | sort | uniq -d

Inageuza majina yote kuwa herufi ndogo, inayapanga, na kukuonyesha yale yanayojirudia. Isipotoa kitu chochote, endelea na kazi yako. Ikitoa hata jina moja, basi hilo si la mtu mmoja mwenye folda mbili. Ni watu wawili.

---

Biro_Volcans (Goma)

Mistari 66. Nilihesabu jedwali jipya.

Amri imetoa majina mawili: kahindo na kambale.

Nimekaa chini kwanza. Wasio wa huku niwaeleze: kwa Wanande majina mengi hufuata mpangilio wa kuzaliwa, mtoto wa ngapi na wa kike au wa kiume. Ukiingia biro yoyote ya Goma au Butembo ukaita “Kambale!”, watageuka wengi. Sisi tunao wawili, mmoja wa ghala, mwingine wa miradi. Na kina Kahindo wawili, wote akina mama, mmoja yuko likizo ya uzazi. Aliyenitangulia kazini aliwatenganisha kwa herufi: aliyefika kwanza kambale, aliyefika baadaye Kambale. Orodha aliletewa na watu wa utumishi, na ninyi mnajua fomu zetu za Kongo, jina na postnom (jina la pili) vinaandikwa kwa herufi kubwa, ndiyo maana akaunti nyingine zilianza na kubwa, nyingine ndogo, bila sheria.

Skripti yangu ya kuingiza majina MySQL ilitumia INSERT IGNORE. Lilipofika jina la pili, MySQL iliona ni lilelile, ikaliruka kimya.

Na sasa naelewa kitu cha asubuhi. Kambale wa miradi alinipigia kwamba nenosiri lake linakataliwa. Nilimwambia amelisahau.

---

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

Sasa tazama yanayofuata, maana ni mabaya kuliko sanduku tupu. Mstari uliobaki MySQL ni wa Kambale wa ghala, na nenosiri ni lake. Folda yenye K kubwa ni ya Kambale wa miradi, umeileta kwa rsync na barua zake zote. Mtu wa ghala akiweka akaunti kwenye simu, simu ikamwekea K kubwa, MySQL itamkubali kwa nenosiri lake mwenyewe, na Dovecot itamfungulia folda ya mwenzake.

Tazama logi (kumbukumbu za seva) kama hilo limeshatokea. Na skripti yako ingefanya zaidi: ingemwaga barua za miaka yote za mtu wa miradi ndani ya sanduku la mtu wa ghala, na baada ya hapo kuzitenganisha ni kuchambua moja moja.

Fanya haya mara moja. Zuia barua zisiingie masandukuni, kwenye Postfix andika defer_transports = dovecot halafu postfix reload. Barua zitasubiri kwenye foleni, hakuna kitakachopotea. Hata ukizima seva nzima, seva za watu wengine zinatakiwa kuendelea kujaribu kwa siku 4 au 5. Una muda. Kisha funga hizo akaunti mbili zisiingiwe na mtu.

---

Biro_Volcans (Goma)

Nimefunga. Logi inaonyesha “Kambale” ameingia asubuhi kutoka kwenye simu, na simu hiyo ni ya mtu wa ghala. Nimeshuka nikamuuliza ana kwa ana. Amesema aliona barua asizozijua, akadhani ni za biro nzima, akafungua mbili. Moja ilihusu malipo ya mwenzake ya hospitali.

Nimekwenda kwa Kambale wa miradi nikamwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Alinyamaza muda. Halafu akasema tumalize kazi.

---

Mama_Seva (Goma)

Umefanya vizuri kumwambia. Wengi wangenyamaza.

Niongeze jambo ambalo wanaume hapo juu hamjaligusa. Msidhani kwenye seva ya zamani barua zao zilikuwa hazichanganyiki. Postfix yenyewe inapotafuta jina kwenye majedwali yake hugeuza kuwa herufi ndogo. Kilichokuwa kinawatenganisha ni mstari mmoja tu, ule wa pipe unaomkabidhi Dovecot barua, kwa sababu haukuwa na alama ya u, inayogeuza jina kuwa herufi ndogo. Barua ilitenganishwa kwa herufi aliyoiandika mtumaji! Na watumaji hawajali. Mtu wa Kinshasa anaandika kambale kwa herufi ndogo kwa sababu ni haraka. Tovuti nyingi zinageuza anwani kuwa ndogo zenyewe unapojiandikisha. Kwa hiyo barua za Kambale wa K kubwa zimekuwa zikianguka kwa kambale wa k ndogo miaka yote hii, na pengine aliziona, akazifuta kwa adabu.

Kwa hiyo swali la “nani abaki na kambale@” jibu langu ni: hakuna. Si wa kwanza kufika, si mwenye cheo. Atakayebaki nalo atapokea barua za mwenzake kwa miaka mingine. Na si barua tu. Mwenzake alitumia anwani hiyo kujiandikisha benki, chuo, kila mahali. Siku mtu akibonyeza “nimesahau nenosiri”, kiungo cha kubadilisha kitaingia kwenye sanduku la mtu mwingine. Unampa mtu funguo za nyumba isiyo yake.

---

mwanafunzi_Katindo (Goma)

Samahani kuingilia wakubwa. Mbona Gmail haijali herufi kubwa wala ndogo na hakuna anayelalamika? Sheria inasema nini?

---

Fundi_Ibanda (Bukavu)

Swali zuri mdogo wangu. Sheria iko kwenye RFC 5321, hati ya kanuni za barua pepe ya mwaka 2008. Upande wa kulia wa @, yaani jina la kikoa, herufi si kitu kabisa. Upande wa kushoto ni mali ya seva inayopokea, yeye peke yake ndiye mwenye haki ya kusema kama Smith na smith ni mmoja au ni wawili. Wengine wote njiani wanatakiwa kuuacha jinsi ulivyo. Lakini hati hiyohiyo inaonya kwamba kutegemea tofauti ya herufi kunakwamisha mawasiliano, usifanye. Na jina postmaster lazima lipokelewe kwa herufi yoyote.

Gmail imetumia haki yake: kwenye kikoa chake imeamua hakuna tofauti, na imeamua tangu siku ya kwanza, kabla hajapatikana mtu wa pili. Ndugu yetu anaamua baada ya watu wawili kukaa ndani, hapo ndipo ugumu. Na wewe ukiandika programu, usigeuze anwani za vikoa vya watu wengine unapowatumia barua. Geuza za kikoa chako tu.

---

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

Wazee wa Unix walikuwa na sababu nyingine ya kupenda herufi ndogo. Zamani ukiandika jina lako lote kwa herufi kubwa wakati wa kuingia, mfumo ulidhani mashine yako ya kuandikia haina herufi ndogo kabisa, ukaanza kukuandikia kila kitu kwa kubwa.

Sisi hapa Lubumbashi tuliteseka kinyume chako. Tulihamia PostgreSQL, ambayo inatofautisha herufi, na watu waliozoea kuandika vyovyote wakafungiwa nje. Tukaweka jedwali letu lote kwa herufi ndogo, pamoja na index ya kipekee juu ya lower(email), yaani jedwali linakataa anwani mbili zinazolingana zikigeuzwa herufi ndogo, ili asiingie wa pili kwa mlango wa nyuma. Wewe kwenye MySQL una ulinzi huo tayari, kosa lilikuwa ni kuuambia unyamaze kwa IGNORE. Acha uingizaji ukwame ukikuta jina linalojirudia. Ukikwama unakuita.

---

Biro_Volcans (Goma), Jumanne

Nimewakalisha kina Kambale wote wawili mezani kwangu, na kina Kahindo, mmoja kwa simu akiwa nyumbani na mtoto. Nimewaeleza bila maneno ya kitaalamu: barua zenu zilikuwa zinatenganishwa na herufi moja, na herufi hiyo watu wa nje hawaiheshimu. Mama_Seva, ulisema kweli. Mtu wa ghala alikiri kwamba kwa miaka amekuwa akipokea barua za miradi, na alizituma kwa mwenzake kila alipozitambua. Si zote alizitambua.

Wote wanne wamekubali kuacha majina ya zamani. Wawili wameongeza postnom, wawili jina la ubatizo. Akaunti nne mpya, manenosiri mapya, folda nne mpya. Za zamani nimezipeleka kwa wenyewe nikiwa naangalia herufi kwa kidole kwenye skrini. KAMBALE ya herufi kubwa tupu ilikuwa na barua moja, ilikuja Jumapili. Kila faili la Maildir linaanza na tarakimu za sekunde tangu mwaka 1970, ndivyo nilivyojua saa iliyofika. Tumeifungua wote watatu pamoja, ilikuwa ya miradi.

Sasa zile anwani za zamani nizifanyeje? Nikizifuta tu, mtumaji anaambiwa mtu hayupo, na hawa watu wana wafadhili wa nje.

---

Mama_Seva (Goma)

Tumia relocated_maps ya Postfix. Unaandika anwani ya zamani, na mbele yake maelezo unayotaka. Mtumaji anarudishiwa barua yake papo hapo na ujumbe kwamba mtu amehama, pamoja na hayo maelezo yako. Andika anwani zote mbili mpya, kila moja na idara yake, kwa Kifaransa na Kiswahili. Mtumaji atachagua anayemtaka. Wewe usichague badala yake.

Na waambie hao wanne wabadilishe anwani zao benki na kwingineko wiki hii, si mwezi ujao.

---

Fundi_Ibanda (Bukavu)

Kwa wale 15 waliobaki, ambao kweli ni mtu mmoja mwenye folda mbili, sasa unaweza kuunganisha. Ila mv ya folda nzima hapana. Hamisha mafaili yaliyo ndani ya cur na new tu, zinamokaa barua zenyewe, kutoka ile karibu tupu kwenda iliyojaa, kisha badilisha jina la iliyojaa liwe herufi ndogo. Majina ya mafaili hayo ni ya kipekee, hayatagongana. Usibebe dovecot-uidlist wala mafaili yanayoanza na dovecot.index ya ile folda karibu tupu, Dovecot itazipa barua hizo namba mpya yenyewe. Usisahau folda za ndani, .Sent na wenzake, maana mtu aliyetumia simu siku nzima ametuma barua pia. Maliza na doveadm force-resync na doveadm quota recalc kwa kila mtu.

Baada ya hapo ndipo uweke auth_username_format = %Lu, na kwenye master.cf (faili la mipangilio ya Postfix) ule mstari wa pipe uwe na flags=DRhu. Herufi u inageuza jina, h inageuza kikoa. Ukipenda ulinzi wa ziada, swali lako la SQL lirudishe pia jina kama lilivyo kwenye jedwali, Dovecot italitumia hilo badala ya alichoandika mtu.

---

mwanafunzi_Katindo (Goma)

Na fail2ban, ile programu inayofungia anayekosea nenosiri mara nyingi? Kwetu kwenye cyber mtu mmoja akikosea sana, wote tunafungiwa.

---

Kamalondo_Net (Lubumbashi)

Mdogo amekumbusha jambo zito. Biro nzima inatoka nje kwa anwani moja ya IP. Simu za hao wanne bado zina jina la zamani na zitaendelea kujaribu zenyewe kila dakika. Kwa mpangilio wa kawaida, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanatosha kufungia anwani hiyo, na biro nzima itakosa barua kwa sababu ya simu iliyo mfukoni mwa mtu mmoja. Weka IP ya biro kwenye ignoreip (orodha ya wasiofungiwa) hadi umalize kuzipitia simu zote kwa mkono.

Kitu kimoja cha kuwaambia watu, kwa sauti: herufi haijalishi kwenye JINA. Kwenye nenosiri bado inajalisha. Nilisahau kusema hivyo hapa kwetu, na Jumatatu iliyofuata nilijibu simu tangu asubuhi hadi jioni.

---

Biro_Volcans (Goma), Alhamisi

Umeme ulikatika jana mchana kutwa, nimechelewa kurudi.

Nimeunganisha folda 15, moja moja, mwenye barua akiwa amekaa pembeni yangu, isipokuwa wawili walio Masisi ambao tulifanya kwa simu. Mama wa hesabu aliandika jina lake kwa namna zote alizoweza, FURAHA, Furaha, fURAHA, kila mara akaziona barua zake zote, akanibariki. %Lu iko mahali pake, DRhu iko mahali pake. Foleni niliifungua jana usiku, barua zote zilizosubiri zimeshuka. Simu nimepitia 41, zilizobaki kesho.

Kambale wa miradi amenisaidia kuandika ule ujumbe wa relocated. Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu. Leo asubuhi mfadhili mmoja alirudishiwa barua, akatuma tena kwenye anwani sahihi baada ya muda mfupi.

Jambo la mwisho, kwa atakayerithi seva ya mtu mwingine kama nilivyorithi mimi. Kwenye seva ya kabatini, kila nilipoongeza mtumiaji na kupiga postmap (amri inayotengeneza majedwali ya Postfix), ilikuwa inatoa onyo mistari miwili: duplicate entry, kahindo, duplicate entry, kambale. Nimeliona onyo hilo tangu wiki yangu ya kwanza kazini. Nilidhani ni kelele za mashine ya zamani, na barua zilikuwa zinafika, basi nikaliacha.

Leo nimeongeza anwani kwenye ile ya relocated, nikapiga postmap. Imemaliza bila kusema neno.

Aksanti sana, wote.